Chuma Hakiungi Mfupa

Watu wakisikia nimewekewa chuma mkononi, swali huwa ni lile lile: "Kitatolewa lini?" Nikijibu kwamba kwa kawaida hakitolewi, kinakaa humo humo maisha yote isipokuwa kikianza kuleta shida, uso wa muulizaji hubadilika na pole zikaanza upya. Wengi wetu tunaamini chuma ndicho kinachoponya, na kwamba kikishamaliza kazi yake lazima kiondoke. Chuma hushikilia tu. Anayeunga mfupa ni mwili wenyewe, kwa muda wake, na anayerudisha mkono kuwa mkono ni mwenye mkono, kwa mazoezi yanayouma. Upasuaji umekaa katikati ya mambo mawili makubwa kuuliko: siku za kabla, na miezi ya baada.

Naandika haya nikiwa Busia, mji wa mpaka wa Uganda na Kenya, upande wa Uganda, ninakoshona nguo na kuuza vitenge. Hapa mpakani Kiswahili ndicho tunachouzia na kununulia, lakini mambo ya hospitali tunaambiwa kwa Kiingereza cha haraka, kisha yanatafsiriwa nusunusu na jamaa aliyesimama karibu na kitanda. Kila msimu wa mvua naona mikono mipya yenye plasta ikipita mbele ya baraza yangu, na najua wengi hawajaambiwa jambo moja ambalo ni rahisi na lingewaokoa. Nalisema mapema, asije mtu akachoka kusoma kabla hajalifikia: ukivunjika kifundo cha mkono, mfupa ukarudishwa na ukafungwa plasta, dai upigwe eksirei nyingine baada ya wiki moja. Usisubiri wiki sita.

Sababu yake ni hii. Kigasha, yaani mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, kina mifupa miwili. Ule wa upande wa dole gumba, radiasi, hupanuka kadiri unavyokaribia kiganja, na ndio unaopokea sehemu kubwa ya uzito ukiuegemea mkono. Ule wa upande wa kidole cha mwisho, alna, ni mwembamba hapo chini, na radiasi huuzunguka tunapogeuza kiganja juu na chini. Mtu akianguka hunyoosha mkono ajikinge; hakuna anayefikiri, mkono hutangulia wenyewe. Kiganja kinagonga ardhi, uzito wa mwili unashuka juu yake, na radiasi inakatika sentimita mbili tatu kutoka kwenye kiungo, pale ambapo ganda la mfupa ni jembamba na ndani yake mna vitundu vitundu. Kipande cha mbele kinasukumwa kuelekea mgongo wa mkono, na mfupa unafupika. Daktari mpasuaji wa Dublin, Abraham Colles, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1814, miaka zaidi ya 80 kabla ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895. Aliujua kwa kupapasa tu, na jina lake bado linatajwa wodini.

Plasta haiushiki mfupa wenyewe. Inashika ngozi na nyama zilizo juu yake. Uvimbe ukipungua siku zile za mwanzo, plasta inabaki na nafasi, na kipande kilichorudishwa vizuri kinaweza kuteleza polepole kikarudi kilikotoka. Mgonjwa hajui kitu, kwa maana maumivu yenyewe yanapungua na anadhani anapona. Picha ya wiki ya kwanza ndiyo inayosema kweli, na wakati huo bado pana muda wa kurekebisha bila shida kubwa. Zikipita wiki mbili tatu, mfupa mchanga unaanza kujaza pale pasipostahili. Zikitimia sita, umeshaunga kombo, na anayetaka kuunyoosha itabidi aukate upya. Kazi ambayo ingekuwa nyepesi inakuwa nzito, na gharama yake inapanda.

Mimi nilianguka jioni ya mvua, boda ilipolikwepa lori lililokuwa likijipenyeza kwenye foleni ya mpakani. Tairi la mbele likazama topeni tukalala ubavu. Dereva aliamka na mchubuko wa goti. Mimi niliamka nimekishika kifundo cha mkono wa kulia, ule wa mkasi, na kilikuwa na pindo ambalo hakikuwa nalo asubuhi.

Nilikopelekwa kwanza, ambako sitakutaja, walinipiga picha moja tu, ya mbele. Kifundo kinahitaji picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, kwa sababu ya ubavuni ndiyo inayoonyesha kama kipande kimelala nyuma. Wakauvuta mkono, wakauzungushia plasta nzima pande zote ukiwa bado unavimba, wakaniandikia dawa za maumivu na tarehe ya kurudi: wiki sita. Hakuna aliyeniambia nisogeze vidole. Hakuna aliyeniambia niuweke mkono juu ya usawa wa moyo. Usiku ule dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vikawa vizito, kisha vikaanza kuchomachoma, kisha vikafa ganzi.

Binamu yangu ni mmoja wa wale maofisa wa mifupa ambao Uganda imekuwa ikiwafunza Mulago, hospitali kuu ya Kampala, watu ambao si madaktari wapasuaji lakini plasta nyingi za nchi hii hupita mikononi mwao. Alikuja kesho yake kunipa pole, akaishika mikono yangu yote miwili kabla hajakaa.

"Dada, vidole vipi hivi vinavyokufa ganzi?"

Nikamwonyesha vitatu.

"Na nani aliyekwambia ungoje wiki sita?"

Hakungoja jibu. Alinirudisha kituoni anakofanya kazi, akaipasua plasta ile kwa urefu kutoka juu hadi chini, pamoja na pamba na bandeji ya ndani, na baada ya muda mfupi niliihisi damu ikirudi vidoleni. Vile vidole vitatu hupata hisia kutoka mshipa wa fahamu mmoja unaopita katikati ya kifundo, upande wa kiganja. Ukibanwa na uvimbe, au na mfupa uliosogea, huanza kulalamika hivyo. Alinifungia plasta ya upande mmoja, ile inayoshikizwa kwa bandeji na kuacha nafasi ya uvimbe, akasema wiki ikitimia ananitaka kwenye mashine ya eksirei, liwe liwalo.

Katika wiki ile, mjomba alinishauri niende kwa mtaalamu wa kienyeji wa kuunga mifupa, wale ambao Waganda huwaita abayunzi. Simlaumu mjomba. Ametoka katika kizazi ambacho hospitali ilikuwa safari ya siku nzima, na abayunzi wamewaunga watu wengi ambao mifupa yao haikusogea, au ilisogea kidogo. Wengine wana mikono yenye busara kwelikweli, na wanampa mgonjwa muda ambao hospitalini haupati. Lakini mfupa uliovunjika hadi ndani ya kiungo hauwezi kupangwa kwa kukandwa, na vijiti vilivyokazwa juu ya mkono unaovimba vinaweza kuzuia damu mpaka nyama ife. Nilimwambia, "Mjomba, nipe wiki hii moja niione picha," naye kwa heshima yake akanyamaza, akaniletea maziwa.

Picha ya pili ilionyesha kipande kimelala nyuma tena, mfupa umefupika, na ufa mmoja unaoingia moja kwa moja kwenye kiungo, umeacha ngazi kati ya vipande viwili. Mwisho wa radiasi wa mtu mzima huinama kidogo kuelekea kiganjani, wastani wa nyuzi 11 hivi. Wangu ulikuwa umeinama upande wa pili. Binamu aliweka rula juu ya picha akanionyesha, na hapo nikaelewa kwa nini kiganja hakikugeuka nilipojaribu.

Tukapanda basi la Kampala, kilomita zipatazo 200, mkono nimeukumbatia kifuani na kila tuta la barabarani nikilihesabu kwa meno.

Daktari bingwa wa mifupa aliyenipokea alikuwa mtu wa maneno machache lakini anayejibu anachoulizwa. Nilikuwa na swali langu: kwa nini asitumie zile nyaya nyembamba za chuma zinazochomekwa kupitia ngozi, ambazo bei yake ni ndogo na huchomolewa baada ya wiki chache? Nilishamwona kijana wa jirani akitibiwa hivyo na mkono wake ukapona. Akasema swali ni halali. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014, watu wazima 461, nusu wakawekewa nyaya na nusu bamba la chuma, na mwaka ulipopita uwezo wa mikono yao haukutofautiana. Lakini, akaendelea, wale walikuwa watu ambao kiungo chao kiliweza kupangika kwa kuvuta na kusukuma kutoka nje, bila kufungua. Wangu alikuwa ameshaujaribu chini ya mashine na ile ngazi haikufunga. "Wewe lazima niingie niione kwa macho," akasema.

Sijasahau uaminifu wa jibu lile. Angeweza kuniambia tu kwamba bamba ni bora na mambo yangeishia hapo.

Kuhusu bamba lenyewe. Kufunga mfupa kwa bamba na skrubu si jambo la jana. Carl Hansmann wa Hamburg alilieleza mwaka 1886. Ila kwa kifundo cha mkono lilikuwa na tabu mbili. Kwanza, mabamba mengi yaliwekwa upande wa mgongo wa mkono, kwa kuwa huko ndiko kipande kinakolalia, na huko kano za kunyoosha vidole hupita zimegusana na mfupa, hivyo chuma kilizisugua. Pili, skrubu za kawaida hushika kwa kuubana mfupa, na mfupa wa vitundu haubaniki; skrubu hulegea na kila kitu kinaanguka. Kilichobadilisha mambo ni bamba ambalo matundu yake yana mikato ya mzunguko kama ndani ya nati, na kichwa cha skrubu nacho kina mikato hiyo, vikakazana vikawa kitu kimoja. Skrubu za mbele hukaa chini ya uso wa kiungo zikiubeba, hata mfupa ukiwa dhaifu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Jorge Orbay wa Miami na wenzake walieneza njia ya kuliweka bamba la aina hii upande wa kiganja, ambako pana nyama ya kulifunika. Hiyo ndiyo njia niliyofanyiwa.

Bei sasa. Hospitali za serikali Uganda ziliacha kutoza ada mwaka 2001, isipokuwa katika wodi za kulipia, lakini mara nyingi chuma chenyewe familia ndiyo inayotumwa kukinunua, na huko ndiko watu wanakokwama. Wiki zinazopita wakati ndugu wanachanga ndizo zile zile mfupa unazotumia kuunga vibaya. Bamba lenye skrubu za kukazana huuzwa ghali kuliko lile la zamani la kawaida, na muuzaji ana kila sababu ya kukuuzia bila maelezo. Kwetu chama cha akina mama wa soko kilifungua sanduku kabla ya zamu yangu, na shemeji akajazia. Nawashukuru hapa hadharani. Ushauri wangu kwa anayechangiwa: mwombe daktari aandike kwenye karatasi aina ya bamba, upande wa mkono, kulia au kushoto, na idadi ya skrubu anazotarajia, kisha uende dukani na karatasi hiyo. Mabamba haya yana kulia na kushoto. Bibi mmoja wodini kwetu alirudishwa kutoka mlango wa thieta kwa sababu mwanawe alikuwa ameuziwa la kushoto.

Sikulala usingizi. Daktari wa ganzi alitafuta mishipa ya fahamu kwa mashine ya picha, juu kidogo ya mtulinga, akachoma sindano, na polepole mkono ukawa si wangu. Niliuona wameuinua na sikujua nani kauinua. Wakafunga mkanda mpana juu ya mkono, wakaujaza hewa ili damu isishuke, maana daktari anataka kuona na ana saa mbili hivi tu za kuona kabla mkanda haujalazimika kufunguliwa. Pazia la kijani likasimama kati yangu nao. Nilisikia tu, na daktari, nilipomwomba, akawa ananieleza hatua kwa hatua.

Mpasuo uko upande wa kiganja, juu ya ile kano ambayo kila mtu anaweza kuiona akikunja kifundo chake, upande wa dole gumba. Kano inasogezwa pembeni na kuulinda ule mshipa wa fahamu; mshipa wa damu, ule wanaoupima nesi wakihesabu mapigo ya moyo, unabaki upande wa pili. Chini kabisa pana msuli wa mraba uliolala juu ya mfupa, unabanduliwa upande mmoja, na mvunjiko unaonekana. Kisha kazi ya subira: kusafisha damu iliyoganda na kale kamfupa kachanga kalikokwisha kuanza kuota, kuinua kipande, kufunga ngazi. Vipande vikikaa sawa hushikizwa kwa nyaya za muda, kama fundi anavyoshikiza kitambaa kwa pini kabla ya kupitisha cherehani, na picha inapigwa. Nilisikia "hapana" mara kadhaa, nyaya zikachomolewa, wakaanza upya. Nilifurahi kuzisikia zile hapana. Fundi anayekubali kufumua ndiye ninayemwamini.

Skrubu ya kwanza iliingia kwenye tundu refu la bamba, ili bamba liweze kuteremshwa au kupandishwa milimita kadhaa. Hapo kuna mpaka usiopaswa kuvukwa: bamba likitokeza mbele mno, kano ya kukunja dole gumba itasugulika juu ya ukingo wake mwaka hadi mwaka mpaka ikatike. Zikafuata skrubu za mbele. Keekee ya umeme ilitoa sauti moja katika ganda gumu na sauti nyingine ikifika ndani kulikolaini, na daktari alikuwa akiisikiliza hiyo. Hakuzipitisha skrubu hadi upande wa pili. Ncha ikitokeza mgongoni mwa mkono hukata kano za kunyoosha vidole, kwa hiyo alizichagua fupi kidogo kuliko unene wa mfupa. Mwisho wakausimamisha mkono wakapiga picha ya ubavuni, imeinamishwa kufuata mwinamo wa kiungo, kuhakikisha hakuna skrubu iliyoingia kwenye kiungo chenyewe. Mkanda ukafunguliwa, damu ikarudi, wakashona.

Wanaouliza chuma hutolewa lini, basi, jibu lake limo humo: hutolewa ikiwa kano imeanza kusuguliwa, au skrubu imetokeza, au kidonda kimetunga usaha. Dalili zake ni dole gumba kukwaruza au kuuma ukilikunja, au sauti ya mkwaruzo mgongoni mwa mkono, hata kama miaka imepita. Ukizisikia, rudi upesi; kano iliyokatika ni upasuaji mwingine, na mkubwa zaidi. Bila dalili hizo chuma kikae kilipo. Kukitoa ni kupasuliwa tena, kupita karibu na mshipa ule ule wa fahamu.

Sasa naja kwenye sehemu ambayo wengi wanaipoteza, hata waliopasuliwa vizuri. Faida kubwa ya bamba ni kwamba linakuruhusu kuanza kusogeza kifundo mapema, wiki mbili za kwanza zikipita, badala ya kukaa ndani ya plasta wiki sita. Ukiwekewa bamba kisha ukaufunga mkono kwenye kanga shingoni miezi miwili kwa sababu unauonea huruma, faida hiyo umeitupa na pesa ya watu pia. Na ndugu zetu kwa upendo wanasaidia kuitupa. "Usiusogeze, utavunjika tena." "Mwacheni, apumzike." Nimesikia haya kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na ilinibidi niwaambie kwa adabu kwamba daktari ameniagiza kinyume.

Vidole huanza siku ile ile ganzi inapoisha. Kuvinyoosha kabisa, kufumbata ngumi kabisa, kuvitandaza, kukunja viungo vya juu peke yake, dole gumba kugusa ncha ya kila kidole mpaka cha mwisho. Mara kwa mara mchana kutwa, huku mkono umeinuliwa. Bega na kiwiko pia, kwani bega huganda kimyakimya. Nyuzi za mshono zilipotolewa nikaanza kifundo: juu, chini, kulia, kushoto. Kubeba kitu kizito bado. Kikombe cha chai ndicho kilikuwa kipimo changu mpaka picha ya wiki ya sita ilipoonyesha mfupa umeunga. Mkono ukizidi kuuma badala ya kupungua, ukawaka moto, ukang'aa, ukabadilika rangi, mtu asijikaze. Kuna maradhi ya maumivu yanayofuata mvunjiko huu hata mfupa ukiwa umepona, na yanahitaji kushughulikiwa mapema.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa na kifaa cha kupima nyuzi za pembe. Mimi nilikuwa na sala.

Katika dua, kiganja cha kushoto kilifunguka kuelekea mbinguni na cha kulia kikabaki kimesimama kwa ubavu, kinatazama mwenzake. Kugeuza kiganja juu ndiko kulikochelewa zaidi kwangu. Nilijaribu kukiinua kwa kupanua kiwiko, mtaalamu akanikamata: kiwiko kibaki ubavuni, kigasha ndicho kigeuke. Nilifanya zoezi hilo nikiwa nimeshika mwiko mrefu wa kusongea posho, uzito wake ukiuvuta mkono taratibu kwenda nje. Siku mteja aliponipa chenji na sarafu zikakaa kiganjani bila kumwagika, nilizitazama kwa muda kabla ya kuzitia mkobani.

Sijda ilikuwa ngumu zaidi. Kukiweka kiganja chini na kuinamisha uzito wa kifua juu yake kunataka kifundo kikunjwe nyuma karibu pembe mraba. Kwa wiki nyingi nilisali nimekaa kitini, mkono juu ya paja, na dini yetu ina nafasi kwa mwenye udhuru. Kisha nikaanza kuviegemeza viganja mezani nikiwa nimesimama, kidogo kidogo, kila siku nikisogeza miguu nyuma kidogo. Kisha kitandani. Kisha kwenye mkeka. Bado wa kulia haukunjiki kama wa kushoto, na daktari aliniambia mapema kwamba nguvu ya kushika huendelea kurudi mpaka mwaka na zaidi, kwa hiyo sijaufunga mlango. Mkasi ninaushika. Kitambaa cha suti bado nampa msaidizi wangu akate.

Pamoja na yote haya, sitaki msomaji aondoke akidhani kila kifundo kilichovunjika kinahitaji chuma. Mama yangu mzazi, aliyepita miaka 70, alivunjika kifundo cha kushoto kwa kuteleza uani, mwaka mmoja kabla yangu. Mfupa wake nao ulisogea. Daktari alimtazama, akamuuliza shughuli zake, akamfunga plasta. Kifundo kimebaki na nundu na kimepinda kidogo, na kwa mkono huo huo mama anakanda unga, anakamua nguo na kubeba mjukuu. Colles alikwisha kuona mwaka ule wa 1814 kwamba kilema kinaweza kubaki na mkono ukafanya kazi yake bila maumivu, na tafiti za karibuni zilizowalinganisha watu wa miaka 65 na zaidi, wenye bamba na wenye plasta, zimekuta kwamba mwaka ukipita hawapishani sana. Kwa kijana au mtu wa makamo anayeishi kwa mikono yake, ambaye kiungo chenyewe kimepasuka, hesabu ni nyingine. Ndiyo maana swali la kumuuliza daktari linahusu mvunjiko wako: umeingia kwenye kiungo? Umesogea kiasi gani? Ukiachwa hivi, nitashindwa kufanya nini?

Kuna swali ambalo mama hakuulizwa, na linanisumbua mpaka leo. Mwanamke aliyepita miaka 50 akivunjika mkono kwa kuanguka kutoka urefu wake tu, bila boda wala ngazi, mifupa yake huenda imeanza kupungua nguvu tangu hedhi ilipokoma, na anayevunjika kifundo leo yuko katika hatari zaidi ya kuvunjika nyonga kesho. Nyonga kwa mzee ni msiba wa aina nyingine kabisa. Mama alifungwa plasta, akafunguliwa, akaambiwa pole. Ni binamu aliyetwambia tumrudishe, naye akapimwa na kuanzishiwa dawa. Mukene ameongezewa mezani, wale wadogo wanaoliwa na mifupa yao. Asubuhi anatembea hadi kwa dada yake na kurudi, juani. Tumeweka zege pale uani palipokuwa na utelezi, na kwenye njia ya chooni shemeji amefunga taa na bomba la kushikilia, kwa usawa wa mkono wake wa kulia.